Kupika Mbao si Siri ya Tajiri



Katika mkutano wa tawi letu uliopita kulizuka ubishi mkali, na kwa kuwa mwenye ukumbi alikwisha kuanza kuzima taa kabla hatujafika mwisho, nimeomba nafasi katika gazeti hili niseme yaliyobaki moyoni mwangu.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Ndugu mmoja anayefanya kazi katika kiwanda cha maboksi alisimama akasema, "Tudai nchi hii iwe na kiwanda kikubwa cha kupika mbao, tupate karatasi yetu wenyewe. Hata kikinuka, na kinuke. Harufu haiui mtu, njaa ndiyo inayoua." Mama mmoja wa Bahati akainuka kwa hasira akamjibu kwamba yeye alikulia karibu na kiwanda cha namna hiyo, na kwamba heri watoto wake wauze njugu Burma kuliko kuvuta moshi ule. Hapo ukumbi ukagawanyika pande mbili, huyu akipigiwa makofi na huyu akipigiwa makofi, na mimi nikakaa kimya kwa kuwa sikujua nimpigie nani.

Sasa nimefikiri, nami nasema hivi. Ndugu yule ana haki kudai kiwanda. Mama yule ana haki kukataa moshi. Lakini wote wawili walikuwa wakizungumza juu ya jambo ambalo hakuna mtu ukumbini aliyeeleza linavyotendeka, na mtu asiyejua kazi inavyofanywa hawezi kujua la kudai. Atapewa chochote na tajiri, naye atashukuru. Kwa hiyo nitaeleza kwanza, kisha nitatoa maoni yangu. Anayejua zaidi na anisahihishe.

Mti, ndugu zangu, umejengwa kama zege lenye nondo. Nondo zake ni nyuzi nyembamba sana ambazo wataalamu huziita selulosi. Pamba karibu yote ni selulosi, na kwa hiyo yeye hahitaji kupikwa sana. Lakini katika mti mkavu selulosi ni kama sehemu 40 au 45 tu katika mia. Saruji inayoshika nyuzi hizo ni kitu kingine kinachoitwa lignini. Katika msonobari na saipresi lignini hufika kati ya sehemu 25 na 30 katika mia. Iliyobaki ni hemiselulosi, ndugu mdogo wa selulosi, pamoja na utomvu na vitu vidogo vidogo. Lignini ndiyo inayoufanya mti usimame wima na usinyauke kama mchicha. Kwa mti ni neema. Kwa mtu anayetaka karatasi ni adui, maana nyuzi hazitaachana mpaka gundi hiyo itoke.

Mfaransa mmoja jina lake Anselme Payen ndiye aliyetenga selulosi peke yake mwaka 1838 na kuipa jina. Lakini kujua ni jambo moja na kuuza ni jingine. Kwa miaka mingi baada ya hapo karatasi iliendelea kutengenezwa kwa matambara, mpaka matambara ya Ulaya yakawa hayatoshi.

Njia rahisi ya kutengeneza karatasi ya mti ni kuusaga tu mti kwa nguvu ya mashini, gundi na yote. Karatasi ya magazeti kwa muda mrefu ilikuwa hivyo. Nenda Shauri Moyo au Kaloleni, ingia katika chumba kilichobandikwa magazeti ukutani, tazama pale jua la dirishani linapopiga. Gazeti limekuwa la manjano na ukiligusa linavunjika kama biskuti. Hiyo ndiyo lignini. Jua na hewa zimeichoma, nayo imebadilika rangi. Cheti chako cha kuzaliwa kikiandikwa juu ya karatasi namna ile hutakiona ukiwa mzee.

Njia ya pili ni kupika. Na hapa akina mama wataelewa upesi kuliko sisi. Nani kati yetu hajaona kunde au maharagwe magumu yakitiwa magadi ili yalainike upesi? Magadi huvunja kile kinachoshikilia ngozi ya nafaka. Basi kupika mbao ni jambo la ukoo huo huo, ila sufuria ni ndefu kama nyumba ya ghorofa, dawa ni kali mara nyingi zaidi, na mfuniko hufungwa kwa bolti. Magogo hubanduliwa maganda, hukatwa vipande vidogo kiasi cha sanduku la kiberiti au chini yake, humiminwa ndani ya jungu la chuma, kisha hutiwa maji ya dawa mbili: kostiki soda, ile ile wanayotumia wapika sabuni, na sodiamu sulfidi. Mvuke huingizwa mpaka joto lifike kama digrii 170, na kwa saa chache dawa huingia ndani ya kila kipande na kuivunja lignini iyeyuke. Jungu likifunguliwa, vipande hupasuka kwa nguvu ya mvuke vikawa uji wa nyuzi wa rangi ya kahawia.

Njia hii aliigundua Carl Dahl katika mji wa Danzig mwaka 1879, na kiwanda kilichoitumia kilianza Sweden mwaka 1890. Huitwa kraft, neno la Kijerumani maana yake nguvu, kwa sababu karatasi yake ni ngumu kuraruka. Ile karatasi ya khaki ya mfuko wa saruji unayoibeba begani kila siku ndiyo hiyo. Njia hii ndiyo inayotawala dunia mpaka leo.

Sasa sikilizeni hesabu, maana ndani ya hesabu ndiko kwenye vita yetu. Ukipika tani mbili za mti mkavu utapata kama tani moja tu ya nyuzi, pengine pungufu. Tani nyingine imekwenda wapi? Imo katika yale maji ya kupikia, ambayo sasa ni meusi kama oili chafu ya gari. Maji meusi hayo yana karibu lignini yote na karibu dawa yote. Mwenye kiwanda ana njia mbili. Ya kwanza ni kuyamwaga mtoni. Ya pili ni kuyachemsha mpaka yawe mazito kama molasi, kuyapuliza ndani ya tanuru kubwa, na kuyachoma. Lignini inaungua kama kuni, inatoa mvuke wa kuendesha mashini na kufua stima. Dawa haiungui, inayeyuka na kutiririka chini ya tanuru kama chuma chekundu. Inatiwa majini, kisha inatiwa chokaa, na inarudi kuwa kostiki ya kupikia tena. Tanuru hiyo naiita boila ya kurudisha dawa. Ilifikishwa katika umbo lake la sasa katika miaka ya 1930, na bila hiyo njia ya kraft ni hasara kwa tajiri na sumu kwa jirani.

Boila hiyo ni ghali kuliko jungu lenyewe. Yafaa kila mjumbe wa wafanyi kazi akumbuke neno hilo. Katika nchi nyingine, India kwa mfano, viwanda vidogo vya kupika majani ya mpunga na makapi ya miwa vilikaa miaka mingi bila boila ya namna hiyo, na maji meusi yakaenda mtoni. Mtu akija hapa akasema atajenga kiwanda cha bei nafuu, swali la kwanza la kumwuliza si atalipa mshahara gani. Ni hili: maji meusi utayapeleka wapi?

Wengine watasema mimi naota mambo ya Ulaya. La. Kenya imekwisha kupika mbao. Wazee mnaikumbuka Broderick Falls, ambayo sasa ni Webuye. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kutoa karatasi huko mwaka 1974, kando ya mto Nzoia, kwa ubia wa Serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper Mills ya India, na shirika la fedha la kimataifa la IFC. Misonobari na saipresi ilipandwa upande wa Turbo kwa ajili yake. Jungu lilikuwa la kraft kama nilivyoeleza, na lilikuwa na boila yake. Karatasi ya magazeti, ya kuandikia na ya khaki ilitoka huko ikashuka Nairobi, na viwanda vya maboksi na vya kupiga chapa vya Industrial Area vikala kutoka kwayo. Mji mzima uliota kuzunguka kiwanda kile. Kadhalika, kwa miaka mingi watu wa Webuye walilalamikia harufu, na kutu iliyokula mabati ya nyumba zao, na maji ya mto. Yote mawili ni kweli, na mtu akikusimulia moja tu ujue anakuuzia kitu.

Mwaka 2009 mashini zilisimama, madeni yakiwa yamekikaba kiwanda, ya stima yakiwamo. Majaribio ya kukifufua hayakudumu, na mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900. Kundi hilo hilo lilikuwa limekwisha kununua kiwanda cha Mufindi, kule kusini ya Tanzania, ambacho nacho hupika msonobari kwa njia ya kraft na kutoa karatasi ya mifuko. Mimi sina ugomvi na mtu kununua kiwanda. Nasema tu kwamba mwaka ule 2009 jungu liliponyamaza Webuye, sisi wa Eastlands hatukusikia ukimya wake upesi. Tuliusikia baadaye, katika mfuko wa mshahara.

Kwa nini? Fikirini kazi tunayofanya hapa. Karatasi kuukuu zinakusanywa kwa mikokoteni kutoka madukani mjini, Gikomba, Muthurwa, mpaka jaa la Dandora, zinauzwa kwa kilo, zinafungwa mizigo, zinaingia katika pipa kubwa la kuvuruga, zinarudi kuwa uji, na uji unakuwa boksi au karatasi ya chooni. Ni kazi ya heshima na inawalisha wengi. Lakini haiwezi kujiendesha peke yake milele. Kila mara karatasi inapovurugwa, nyuzi zake hukatika na kuwa fupi. Baada ya mara tano, sita au saba hivi, hazishikani tena. Zinakuwa vumbi la majini. Umeona wewe mwenyewe boksi la siku hizi lililotengenezwa kwa boksi la boksi: ukilibeba lenye nyanya siku ya mvua, nyanya zinabaki Jogoo Road na wewe unafika nyumbani na kifuniko. Ni lazima nyuzi mpya ziingie katika uji. Na nyuzi mpya hutoka katika jungu la mtu fulani mahali fulani aliyeondoa lignini. Kama jungu hilo liko ng'ambo, basi bei yetu imefungwa kwa kamba ya meli. Dola ikipanda, au bandari ikikwama, meneja wa Lunga Lunga Road anaita wafanyi kazi wa kibarua na kuwaambia warudi Jumatatu ijayo. Jumatatu ijayo anasema hivyo hivyo.

Tena tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, kila mwenye duka anatafuta mfuko wa kitu kingine. Majani ya chai husafirishwa katika mifuko ya karatasi. Saruji katika karatasi. Kwa hiyo ndugu yule wa maboksi hakosei anaposema kazi ipo.

Ila sasa nimrudie kwa lile neno lake, "harufu haiui mtu." Neno hili limenikosesha usingizi.

Harufu ya kiwanda cha kraft hutoka katika ile dawa ya pili, sodiamu sulfidi. Salfa iliyomo hukutana na lignini jungunì na kutoa gesi kadhaa, baadhi zikinuka kama kabichi iliyooza, na moja ikinuka kama yai viza. Hiyo ya yai viza, haidrojeni sulfidi, ni sumu. Pua ya mtu huisikia ikiwa kidogo sana, hata chini ya sehemu moja katika milioni. Hapo inachukiza tu. Lakini ikifika kama sehemu 100 katika milioni, kwa dakika chache pua hufa ganzi, nawe unadhani harufu imekwisha. Ikipanda mara kadhaa zaidi, mtu huanguka na kupoteza fahamu. Ikifika kama 1,000, pumzi chache zinatosha kumwua. Nayo ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, mashimoni na matangini.

Wala haihitaji jungu la Webuye. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana wa kubeba mizigo ya karatasi kuukuu katika kiwanda kimoja hapa Nairobi ambacho sitakitaja, tulifunga kwa Pasaka siku nne. Tangi la uji likaachwa limejaa nusu. Uji wa karatasi ukikaa bila kuvurugwa huoza, na ukioza hutoa gesi hiyo hiyo. Jumanne asubuhi tuliufungulia uji, na harufu ikajaa karakana nzima hata wengine wakatapika. Baada ya muda nyapara akasema, "Basi, imekwisha, haisikiki tena, mtu ashuke akakwangue." Kijana mmoja akavua viatu akashuka kwa ngazi. Hakufika chini. Alikaa juu ya kipandio kama mtu aliyechoka, kisha akateleza.

Wawili wetu tulikwisha kushika ngazi kumfuata. Fundi mmoja mzee, mtu wa Makongeni aliyekuwa zamani reli, alitukamata kwa kola akatuvuta nyuma, akatutukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Alileta mpira wa hewa ya kompresa akautumbukiza chini, akafunga kamba kiunoni mwake mwenyewe, akavuta hewa safi, akashuka, akamfunga kijana, tukawavuta wote. Kijana alipona, ila kwa majuma mengi alikuwa akisema kichwa kinamzunguka, na baadaye akaacha kazi. Je, katika kitabu cha ajali iliandikwa nini? Iliandikwa: "Alipata kizunguzungu, hakuwa amekunywa chai."

Hakuwa amekunywa chai! Ndugu zangu, sisi sote tulitia sahihi kuwa tumeona. Kwa nini? Kwa sababu hapana hata mmoja wetu aliyejua jina la kitu kilichomwangusha. Fundi mzee alijua tu kwamba mashimo huua. Kama tungejua neno moja tu, tungelitaja, na kijana angelipwa fidia.

Siku hizi sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, wafanyi kazi wakiwa na wajumbe wao ndani. Inasema habari za kuingia matangi yenye hewa mbaya: hewa kupimwa, mkanda na kamba, mtu wa kungoja nje. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazi. Lakini nitauliza, na kila msomaji ajijibu mwenyewe: katika kiwanda chako kamati hiyo inakutana? Au ni majina matatu yaliyobandikwa karibu na saa ya kugonga kadi, mmoja wao akiwa amekwisha kustaafu?

Basi haya ndiyo maoni yangu.

Kwanza, tudai kupika kurudi na kukua nchini, wala tusione haya. Vitu vinavyohitajika havitoki mbinguni. Kostiki ya kiwanda cha kraft hutengenezwa upya kwa magadi na chokaa. Magadi tunayo katika Ziwa Magadi, ambako yamekuwa yakichimbwa kwa biashara tangu kabla ya babu zetu kuvaa suruali. Kampuni ya kwanza iliundwa mwaka 1911. Mawe ya chokaa tunayo Athi River na Koru. Miti ndiyo taabu. Kuanzia Februari 1918 — samahani, 2018, vidole vyangu ni vya kizee — ukataji wa miti katika misitu ya Serikali ulisimamishwa, na katika mwaka 2023 Rais akatangaza kuondoa katazo hilo. Kati ya hapo wenye mashini za mbao walilia, na wenye kupenda misitu walifurahi. Mimi sisemi nani alikuwa na haki. Nasema kiwanda cha kupika mbao kinakula miti kila saa, usiku na mchana, na msonobari wa kupika huchukua miaka kama 15 hivi kukua. Anayetaka jungu lake liwake miaka 40 lazima apande kabla hajalinunua. Webuye walipandiwa Turbo. Nani anapanda sasa, na wapi, na kwa ardhi ya nani? Hayo yaulizwe mapema, yasije yakawa ugomvi wa mashamba baadaye.

Tena si lazima kila kitu kiwe msonobari. Makapi ya miwa yamelala malundo malundo kwenye viwanda vya sukari vya magharibi. Lignini yake ni kidogo kuliko ya msonobari na hupikika kwa kostiki peke yake, bila ile sulfidi inayonuka. Taabu yake ni kwamba viwanda vya sukari wenyewe huyachoma kupata mvuke, na nyuzi zake ni fupi. Mkonge nao una nyuzi ndefu, ngumu na zenye lignini kidogo, nasi tunao pwani na Taita. Mambo hayo wataalamu wayapime. Mimi ni mzee wa pipa la kuvuruga tu.

Pili, na hapa namfuata mama wa Bahati, tusikubali jungu bila boila ya kurudisha dawa, na tusikubali boila bila mtambo wa kukusanya gesi zile na kuzichoma. Mambo hayo yanawezekana. Viwanda vya Ulaya vinafanya hivyo, na jirani zao hulala madirisha wazi. Tajiri atasema ni ghali. Kweli ni ghali. Lakini lignini ile anayoichoma inampa mvuke na stima bure, na Webuye deni la stima lilikuwa miongoni mwa madeni yaliyokikaba kiwanda. Kwa hiyo boila nzuri siyo sadaka kwetu. Ni faida kwake pia, ila faida inayokuja polepole, na matajiri wengi wanapenda ile inayokuja Ijumaa. Na boila yenyewe isichezewe: maji yakivuja yakakutana na ile dawa iliyoyeyuka chini ya tanuru, hulipuka kama bomu. Mtu wa kuiangalia awe amefundishwa na alipwe kama fundi, asiwe kibarua wa siku tatu.

Tatu, weupe. Uji wa kraft ni kahawia kwa sababu lignini kidogo hubaki, sehemu chache katika mia. Ili uwe mweupe hutiwa dawa nyingine. Zamani ilikuwa gesi ya klorini, na katika miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba klorini ikikutana na mabaki ya lignini huzaa sumu zinazoitwa dioksini, ambazo hukaa katika samaki na katika mafuta ya mwili wa mtu. Viwanda vingi vya dunia vikaacha, vikatumia klorini dioksaidi, oksijeni na dawa nyingine. Nzoia huingia Ziwa Victoria, na samaki wa Ziwa Victoria tunakula hapa Burma Jumamosi. Mimi naona kiwanda chetu kianze na khaki, mifuko na maboksi, ambayo haihitaji kusafishwa. Mtoto wa shule anahitaji daftari nyeupe, sawa. Saruji haihitaji mfuko mweupe, wala nyama ya kuchoma.

Na kabla ya yote hayo, sisi wenyewe tujifunze. Ninamwomba Katibu wa tawi atafute mwalimu wa kemia, hata wa shule ya sekondari tu, aje ukumbini jioni mbili atueleze kwa Kiswahili, na kila kiwanda cha karatasi, maboksi na chapa kilete wajumbe wawili. Tajiri akija na mhandisi wake mezani akasema "mambo haya ni ya kitaalamu, nyinyi zungumzeni habari za posho tu," mjumbe wetu aweze kumjibu: bwana, maji meusi kilo ngapi, na boila yako inayachoma mangapi?

Mama wa Bahati nimekwenda kumwona nyumbani kwake. Tulikunywa chai, na nilimsomea haya yote kabla ya kuyaleta kwa mpiga stensili. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema atakubali jambo la boila siku atakapoiona kwa macho yake ikiwaka, na si katika picha. Ndugu wa maboksi naye sijampata. Wiki hii wameambiwa warudi Jumatatu. Nikimpata nitamwomba tukae watatu kabla ya mkutano ujao, tuandike maswali, na maswali hayo yapigwe chapa upande wa nyuma wa gazeti la mwezi ujao, kama karatasi itapatikana.